Kuvuta karavani kutoka Kassel hadi Ziwa Garda: nivukie wapi Milima ya Alps?

BabaNasra_Kassel

Wakuu, habari za jioni. Humu kuna ndugu wengi mliotapakaa Ulaya, na wengine ni madereva wa siku nyingi, kwa hiyo naomba tulijadili hili kwa uzito wake.

Tumenunua karavani (kijumba cha kulala kinachovutwa na gari) ya mkono wa pili, vitanda vinne. Karatasi zake zinasema uzito wa juu ni kilo 1,300. Gari ni stesheni wagoni ya dizeli, gia za mkono, na kadi ya gari inaruhusu kuvuta kilo 1,500 za tela lenye breki. Leseni yangu ni B ya kawaida. Tela dogo la mizigo nimelivuta mara nyingi hapa mjini. Karavani sijawahi, na mlima wa maana nikiwa na tela nyuma sijawahi kabisa.

Tunatoka Kassel, mimi, mama watoto na watoto wawili, kwenda Ziwa Garda nchini Italia, upande wa kusini karibu na Peschiera. Ni kilomita 850 hadi 900 kutegemea njia. Usiku mmoja tumepanga kulala Garmisch-Partenkirchen kwa shemeji yangu. Asubuhi yake simu inanipitisha Mittenwald, Seefeld, Zirl, Innsbruck, kisha Brenner na kuteremka Italia. Ndiyo fupi kuliko zote.

Mlioko huko, hii njia ikoje? Na mambo ya stika na tozo za barabara yanakwendaje ukiwa na karavani? Nawasubiri.

MamaTumaini_Graz

BabaNasra, kabla ya yote, futa kipande cha Seefeld hadi Zirl. Futa kabisa.

Pale kati panaitwa Zirler Berg. Mteremko wake unafika asilimia 16, na chini yake ndilo bonde la mto Inn. Kushuka na tela ni marufuku, na vibao vipo. Kuna hadi njia za pembeni zilizojengwa kwa ajili ya gari lililoishiwa breki, zimejaa kokoto ili likwame. Simu yako haijui kama una karavani nyuma. Inakupa njia ya gari dogo, na kwa gari dogo ni njia nzuri tu.

Kosa hili hulifanya watu wengi wanaotoka kaskazini kwa sababu kwenye ramani Garmisch na Innsbruck ni majirani. Kwa shemeji nendeni, lakini asubuhi rudini juu mshike barabara kuu, au mkamtembelee siku nyingine bila karavani.

Kuna njia mbili za kweli kwa hali yenu. Ya kwanza ni otobani, yaani barabara kuu za mwendo kasi, mwanzo mwisho: A7 hadi Würzburg, A3 kwenda Nürnberg, A9 hadi München, mzunguko wa A99, A8, A93 hadi Kufstein, halafu A12 hadi Innsbruck na A13 kupanda Brenner. Ni ndefu kidogo, lakini kutoka Kufstein mpaka Innsbruck karibu ni tambarare. Brenner yenyewe ina mita 1,370 tu. Ni miongoni mwa vivuko vikubwa vya Alps vilivyo chini zaidi upande huu, ndiyo maana malori yote ya Ulaya yanapita hapo.

Ya pili ni A7 hadi inapoishia Füssen, unavuka Fernpass (mita 1,212), unakwenda Landeck, unapanda Reschen (mita 1,504) na kuteremkia Merano na Bolzano. Hiyo ni nzuri kwa macho na Reschen yenyewe hailipiwi, ila ni barabara ya njia mbili inayopita vijijini. Kwa mtu ambaye hajawahi kuvuta karavani mlimani, mimi nisingempeleka huko siku ya kwanza.

Njiapanda_77

Mkuu, samahani kama nauliza nje ya mada. Kwa nini usiiache karavani, mkaenda na gari tu mkapanga chumba? Naona unajitafutia presha.

BabaNasra_Kassel

Njiapanda, swali ni halali. Tuna mtoto mwenye mzio wa vyakula vingi. Tukiwa na jiko letu tunalala usingizi. Halafu bei ya chumba cha watu wanne kule mwezi wa saba, kwa wiki mbili, ni zaidi ya uwezo wetu. Karavani tayari ipo uani.

Mama Tumaini, asante sana. Zirl nimeifuta. Moyo umenilipuka kidogo kusoma habari za njia za kokoto.

Dereva_wa_Kitonga

Wanangu, mimi niko Iringa. Nimeendesha malori Dar hadi Tunduma miaka mingi kabla ya kustaafu, na Sekenke ya Singida nimeishuka mpaka naijua kwa giza. Ulaya sijafika. Lakini mlima ni mlima, na uzito nyuma ni uzito nyuma.

Nimesoma mnazungumzia sana kupanda. Kupanda hakujamuua mtu. Ukishindwa kupanda utasimama, utaweka jiwe nyuma ya tairi, utaomba msaada. Kushuka ndiko kunakozika watu. Pale Kitonga magari niliyoyaona chini ya bonde yalikuwa yanashuka.

BabaNasra, shika hili: gia uliyopandia ndiyo gia ya kushukia. Kama Brenner umeipanda kwa tatu, shuka kwa tatu. Na gia iingie kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado juu na gari liko taratibu. Ukianza kuserereka ndipo utafute gia, umechelewa, hasa ukikanyaga klachi gari likaachia. Hapo katikati huna gia, huna injini, una breki ya mguu tu. Na nyutro usiiguse hata kwa sekunde moja. Wenzetu waliofanya hivyo ili kuokoa mafuta tumewazika.

Breki ya mguu usiilalie. Acha gari lipande spidi kidogo, kanyaga kwa nguvu mpaka lipungue kilomita 15 au 20, achia kabisa, acha upepo upoze. Mtu anayegusa breki kidogo kidogo njia nzima anazipika. Utaanza kusikia harufu kama ya mpira unaoungua. Ukishaisikia, tafuta pa kusimama papo hapo, usiseme nitafika mbele.

MamaTumaini_Graz

Shikamoo mzee wangu. Umesema lililo sahihi kabisa, na naongeza moja ambalo kwenye malori yenu haliko hivyo.

Karavani haina breki za upepo. Pale mbele inapofungwa kwenye gari kuna chuma kinachoingia na kutoka kama bomba la baiskeli. Gari likipunguza mwendo, karavani inasukuma mbele, kile chuma kinaingia ndani, kinavuta nyaya, na breki za karavani zinashika zenyewe. Maana yake ni kwamba hata ukishuka kwa gia bila kugusa pedali, karavani inaendelea kulisukuma gari na breki zake zinajikamata muda wote. Breki za gari lako zinaweza kuwa baridi na za karavani zinachemka. Dereva haoni wala hasikii kitu.

Kwa hiyo mteremko ukiwa mrefu, simama njiani hata kama mguu wako haujagusa breki. Na ukisimama na magurudumu ya moto, usivute breki ya mkono ya karavani. Weka vizuizi vya tairi. Ngoma ya breki ikiwa ya moto halafu ikapoa huku imebanwa, inaweza kuganda au kupinda.

Dereva_wa_Kitonga

Marahaba mwanangu. Hilo la kujishika zenyewe sikulijua, nimejifunza. Basi BabaNasra simama kila unapopata nafasi nzuri. Na kabla ya safari uliza hizo breki za karavani mara ya mwisho zilifunguliwa lini.

Mswahili_Basel

Nami nitie neno la upande wa Uswisi, kwa sababu mtu atakuja kukuambia upite Gotthard.

Handaki la Gotthard lina kilomita 16.9, lilifunguliwa mwaka 1980, na mpaka leo lina tundu moja la magari yanayopishana uso kwa uso. La pili bado linajengwa. Wikiendi za kiangazi foleni upande wa Göschenen hupita kilomita 10. Ukiwa na karavani na watoto nyuma ni mateso.

Mimi navuta kupitia San Bernardino, barabara ya A13 kutoka Chur kwenda Bellinzona. Handaki lake lina kilomita 6.6, na kwa kuwa liko juu, kwenye mita 1,600 hivi, unapanda barabara ya wazi yenye mandhari na pa kusimama papo. Kwa anayekwenda Como au Maggiore, hapo pamenyooka. Kwa Garda sikushauri, maana utatokea Milano na kugeuka mashariki bure.

Jambo la fedha: Uswisi stika ni ya mwaka mzima tu, faranga 40, na karavani inahitaji ya kwake. Kwa hiyo ni faranga 80 hata ukipita kwa muda wa saa tatu tu. Austria ni tofauti, stika ni ya gari tu, karavani haidaiwi, na unaweza kununua ya siku chache.

Halafu ukipita barabara za milimani za Uswisi utaona kibao cha buluu chenye tarumbeta ya njano. Ni barabara ya mabasi ya posta. Pakiwa pembamba, dereva wa basi ndiye anayeamua nani arudi nyuma na nani apite. Mtii tu, anaijua ile kona kuliko sisi sote.

BabaNasra_Kassel

Nawashukuru mno. Mzee, shikamoo. Nimeyachapisha maneno yako nikayabandika kwenye dashibodi.

Nimerudi na taarifa, na nyingine zimenitia hofu. Jumamosi niliipeleka karavani mizani, ikiwa imepakiwa kama tunavyosafiri. Kilo 1,410. Tumezidisha kilo 110 na sikuamini macho yangu. Tulirudi nyumbani tukaanza kushusha. Maji ya tenki lita 40, tutajaza tukifika. Hema la mbele na vyuma vyake, kilo 34. Mfuko mzima wa unga wa dona, mchele kilo 10, maharage, makopo. Mama watoto alilia na ule unga, lakini tumekubaliana kilo tatu zinatosha. Baiskeli za watoto zimebaki. Tumerudi mizani: 1,285.

La pili ni matairi. Yana meno mazuri, ungesema mapya. Nikapiga magoti na tochi nikasoma zile tarakimu nne ubavuni: 1914. Wiki ya 19 ya mwaka 2014! Aliyeniuzia alisema "matairi safi kabisa". Nilipoligeuza moja nikaona mipasuko midogo kama ya udongo uliokauka, karibu na rimu. Yote mawili nimebadilisha.

Leseni nimeihakiki. Uzito wa juu wa gari ni 1,950, ukijumlisha 1,300 ni 3,250, chini ya 3,500, kwa hiyo B inatosha.

MamaTumaini_Graz

Hapo sasa unazungumza kama mvutaji. Matairi ya karavani huzeeka kabla ya kuisha, kwa sababu mwaka mzima yamesimama sehemu moja yamebeba mzigo. Hata Ujerumani, ukitaka kile kibali cha kuvuta kwa kilomita 100 kwa saa badala ya 80, sharti mojawapo ni matairi yasizidi miaka sita.

Na huo uzito wa kwenye kadi, 1,500, uelewe unatoka wapi. Gari likiwa na mzigo linajaribiwa kusimama na kuondoka mara 5 ndani ya dakika 5 kwenye mwinuko wa asilimia 12. Ndicho kipimo. Vitabu vingi vya magari vinasema pia kwamba ukipita mita 1,000 juu ya bahari upunguze asilimia 10 ya uzito wa msafara mzima kwa kila mita 1,000, maana hewa inakuwa nyepesi na injini inakosa pumzi. Brenner haitakusumbua. Lakini anayetaka kuvuta karavani kupita mita 2,000 asome kitabu cha gari lake kwanza.

Umepima uzito unaolala kwenye ndoano ya gari?

BabaNasra_Kassel

Nimepima. Nilichukua mizani ya bafuni, nikasimamisha kipande cha mbao juu yake, nikakishusha kichwa cha karavani pale juu ya mbao. Kilo 48. Gari linaruhusu 75. Nifanyeje?

MamaTumaini_Graz

Sogeza vitu vizito mbele kidogo, chini sakafuni, juu ya ekseli au mbele yake kidogo tu. Ukaribie 75 bila kuipita. Karavani nyepesi puani ndiyo inayopiga mkia. Hasa usiweke kitu kizito nyuma kabisa kama watu wanavyofanya na baiskeli.

Na ikipiga mkia, labda lori limekupita au upepo umekupiga, usikanyage mafuta. Kuna wazee wanafundisha ukanyage mafuta ili uinyooshe. Hapana. Achia mafuta, shika usukani wima, usijaribu kuifuata inakoyumba, acha spidi ishuke. Pale Brenner kuna upepo wa milimani unaoitwa föhn unaoshuka lile bonde kwa nguvu, na utakuwa unapita Europabrücke, daraja lenye urefu wa mita 190 kutoka chini bondeni. Angalia utabiri asubuhi ile. Ukiambiwa föhn kali, subiri.

Mswahili_Basel

Na siku. Usisafiri Jumamosi ya mwezi wa saba au wa nane, hata kwa dawa. Isitoshe, daraja la Luegbrücke kule A13 ya Brenner ni bovu, linajengwa upya, na tangu Januari 2025 magari yanapita njia moja kila upande siku nyingi. Siku za msongamano mkubwa hufungua njia ya pili, lakini siku hizo ndizo zenye watu. Na usiwaze kukwepa foleni kwa kutokea vijijini. Tyrol siku za wikiendi wanawazuia wapita njia kutoka otobani, polisi wanasimama kwenye matokeo na kukurudisha.

Jumanne au Jumatano, alfajiri.

Pare_wa_Antwerp

Uzi mzuri sana. Mimi niko Ubelgiji, nafikiria kwenda Italia kupitia handaki la Mont Blanc na karavani. Kuna aliyepita?

Mswahili_Basel

Nimepita mara mbili. Kilomita 11.6, na kwa karavani bei ni ya daraja la juu kuliko gari peke yake, kwa sababu Ufaransa wanapima kimo. Msafara ukipita mita 2 unaingia daraja la pili, na barabara zote za kulipia za Ufaransa ziko hivyo. Weka kwenye bajeti.

Ndani ya handaki heshimu nafasi. Unaachia mita 150 na aliye mbele yako, kuna taa za buluu pembeni za kukusaidia kupima. Sheria hizo zimeandikwa kwa machungu. Tarehe 24 Machi 1999 lori lilishika moto humo ndani likiwa na majarini na unga, na watu 39 wakafa. Kabla hujaingia funga mtungi wa gesi, funga kwenye mtungi wenyewe si kwenye jiko, na friji ihamie umeme wa gari. Na ulizia kwanza kama handaki liko wazi, maana vuli hulifunga wiki nyingi kwa ukarabati.

Dereva_wa_Kitonga

BabaNasra, kabla hujapanda huko, je, karibu na kwako hakuna mlima wa kujifunzia? Usiende kujifunza safarini na watoto.

BabaNasra_Kassel

Mzee, upo mlangoni kwangu! A7 ya hapa Kassel inajulikana kwa milima yake, ina miteremko ya asilimia 8 na malori yanatambaa. Kesho alfajiri naenda na karavani, peke yangu.

BabaNasra_Kassel

Nimerudi. Nimepanda na kushuka mara tatu. Mara ya kwanza nilichelewa kuingiza gia, nikajikuta kwenye 90 na karavani inanisukuma mgongoni. Ni kama mtu mzito amekuegemea kwenye ngazi. Mara ya pili niliingiza tatu juu kabisa, nikashuka kwa 65 bila kugusa breki. Hapo nikaelewa unachosema, mzee. Injini inanguruma na masikio yanataka uiachie, lakini gari limetulia.

Kitu kingine: kila nikikata kona taratibu nasikia kelele ya kukoroma kutoka kwenye kichwa cha karavani.

MamaTumaini_Graz

Hiyo ni stebilaiza. Ndani yake kuna pedi zinazobana ule mpira wa chuma wa gari ili karavani isiyumbe. Zinataka chuma kikavu. Mpira wako una grisi au rangi?

BabaNasra_Kassel

Grisi tele! Aliyetufungia ndoano aliipaka akasema ndiyo inavyotakiwa.

MamaTumaini_Graz

Ifute yote kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke cheupe. Pedi nazo zisugue kidogo kwa msasa laini. Zikiwa zimenywa grisi sana, badilisha. Kwa ndoano yako, grisi ina maana stebilaiza haikushiki kitu.

BabaNasra_Kassel

*(wiki tano baadaye)*

Wakuu, tumerudi salama, namshukuru Mungu na nawashukuru ninyi. Naandika yote ili atakayekuja baada yangu ayakute.

Tuliondoka Jumatano saa kumi alfajiri kwa njia ya München. Kwa kuwa sina kibali cha 100, nilikwenda kwa 80 Ujerumani nzima. Mwanzo ilinisumbua kupitwa na kila mtu, baada ya saa mbili nikazoea. Tulilala karibu na Kufstein. Shemeji wa Garmisch alikuja kutuona yeye.

Alhamisi saa kumi na moja tuko barabarani. Austria, kwa kuwa jumla yetu haizidi 3,500, tuliruhusiwa 100 otobani, nami nilikwenda 85. Innsbruck iko mita 574, kwa hiyo unapanda kama mita 800 hadi Brenner. Nilishika tatu, 60, nyuma ya lori la matunda. Mshale wa joto ulisogea kidogo tu. Kwenye Europabrücke watoto walinyamaza wote wawili, nami nikashika usukani kwa mikono miwili nikiangalia mbele tu. Upepo haukuwapo. Luegbrücke tulisubiri dakika 20.

Kosa nililifanya baada ya mpaka. Mteremko wa Italia si mkali, ndiyo maana unadanganya. Kutoka mita 1,370 pale juu unashuka hadi 262 kule Bolzano kwa kilomita 85 hivi, pole pole, na mimi nikiangalia milima nikasahau gia. Nilikuwa nagusa breki kidogo kidogo, kile kile mzee alichonikataza. Baada ya Vipiteno mama watoto akasema, "Kuna nini kinaungua?" Nikaingia sehemu ya mapumziko ya kwanza. Nikasogeza kiganja karibu na rimu ya karavani, si kuigusa, na joto lilinipiga nikiwa bado na nafasi ya shubiri nzima. Rimu za gari zilikuwa vuguvugu tu. Ndivyo Mama Tumaini alivyoandika.

Nikaweka vizuizi, breki ya mkono sikuivuta. Tulikaa dakika 40, tukakaanga mayai. Kutoka hapo nilishuka kwa nne na tatu, nikasimama tena mara mbili kabla ya Bolzano. Rimu zilibaki za kawaida. Italia ni 80 otobani ukiwa na tela, 70 nje ya miji. Tulitokea Affi. Zile barabara za kandokando ya ziwa, hasa ya magharibi yenye mahandaki membamba ya zamani, nilizipita baadaye bila karavani na nikashukuru.

Kurudi, kwa kuwa sasa nilikuwa na mikono, tulipita Reschen. Vijiji vya Val Venosta vinakula muda, lakini kule juu kuna mnara wa kanisa unachomoza katikati ya ziwa, kijiji chake cha Graun kilizamishwa mwaka 1950 walipojenga bwawa. Tulisimama, tukanywa chai. Binti yangu aliuliza watu wake walikwenda wapi, nikamweleza walihamishiwa juu zaidi, ukingoni. Tulilala siku mbili karibu na Prad, tukaiacha karavani kambini, tukapanda Stelvio na gari peke yake. Mita 2,757, kona 48 upande ule, kila moja ina namba yake. Kwenye kona ya kumi na kitu tulimkuta mtu amekwama na karavani yake, magari yamejaa mbele na nyuma. Alikuwa anatetemeka. Tulisaidiana kumwelekeza arudi nyuma sentimita kwa sentimita, tulitumia karibu saa nzima.

Mteremko wa Nauders kwenda bonde la Inn niliushuka wote kwa tatu. Mguu haukugusa breki zaidi ya mara sita.

Pare_wa_Antwerp

Hongera sana mkuu. Swali: gharama ya mafuta ilipanda kiasi gani ukilinganisha na gari peke yake?

BabaNasra_Kassel

Kwetu gari peke yake hula lita 6 kwa kilomita 100. Na karavani ilikuwa 9 hadi 10, na kipande cha kupanda Brenner kilipita 15. Jaza kabla ya otobani, vituo vya mjini ni nafuu.

Dereva_wa_Kitonga

Mungu mkubwa mwanangu, umerudi na familia yako. Lakini hizo breki zilizochemka umezifungua? Pedi iliyochemka hivyo inaweza kuwa imekuwa kama kioo, inateleza, na ukija kuihitaji haishiki. Hujanijibu tangu mwanzo mara ya mwisho zilifunguliwa lini.

BabaNasra_Kassel

Kweli mzee, sikujibu kwa sababu sikujua, na aliyeniuzia hakuwa na karatasi. Fundi ananipokea Jumatano. Nimemwambia afungue ngoma zote mbili nikiwa nimesimama pale pale, na picha nitaziweka hapa.